Moshi Mweusi Uani

Siku mume wake alipofariki, gari lilirudi nyumbani likiendeshwa na mtu mwingine. Mdogo wa marehemu alilitoa hospitali, akaliingiza uani kinyumenyume hadi karibu na ukuta, mahali pake pa siku zote, kisha akatundika ufunguo nyuma ya mlango wa sebule. Tangi lilikuwa limejaa. Marehemu alilijaza mwenyewe asubuhi ileile, akijua anakwenda kazini.

Msiba ukaisha, wageni wakatawanyika, nyumba ikabaki na watu watatu wasiotazamana machoni: mjane, mama mkwe na shemeji.

Mjane alitaka kuliuza gari. Kila akiosha vyombo, lilimkodolea macho kupitia dirisha la jikoni.

"Gari hilo likitoka hapa, na wewe utoke nalo," mama mkwe alimwambia.

"Mama, mimi ndiye niliyekuwa mke wake."

"Wake hupatikana. Mimi nilizaa."

Hata hivyo mnunuzi akaja. Shemeji alipowasha, injini ilitetemeka kama mgonjwa wa homa, ikakwama, ikashika tena. Bomba likatema moshi mweusi uliofunika nguo zote kwenye kamba.

"Dada, hili si gari, ni tanuri," mnunuzi alisema akikohoa, na huyo akaenda zake.

Mjane akachungulia kipimo cha mafuta. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa. Damu ikamchemka. Tangi zima limenywewa na nani?

Jumamosi akamwita fundi. Alikuwa mtu wa maneno makavu. Hakusalimu mpaka alipofungua boneti. Akachomoa plagi moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya kitambaa.

"Moshi ungekuwa wa bluu, ningesema linakula oili. Ungekuwa mweupe mzito, ningesema maji yanaingia kwenye injini. Huu mweusi ni petroli isiyoungua vizuri. Tazama plagi zilivyojaa masizi, kama sufuria ya kuni. Nyingine haziwaki kabisa, ndiyo maana linatetemeka."

"Niambie tu nani anazurura nalo mjini," mjane alisema, akimtazama shemeji.

"Mjini wapi, dada? Hebu ona." Fundi alipiga tairi teke. Majani yalikuwa yameota yakasokotana kwenye magurudumu yote. "Hili halijatoka hapa. Kuna mtu analiwasha, linanguruma palepale, halafu analizima. Kila siku hivyohivyo. Injini isiyotembea hujikaba yenyewe."

Akaelekeza kidole nyuma ya gari. Ukutani kulikuwa na doa jeusi, pana kama sinia. Mjane alilijua doa hilo. Alikwisha kugombana na mama mkwe kwa ajili yake, akidai jiko lake la mkaa linachafua ukuta. Mama mkwe hakubisha siku ile. Alihamisha jiko, basi.

Mjane akamgeukia shemeji.

"Kumbe! Mimi niko kiwanda cha nguo nachomwa vidole na sindano, wewe umejilaza kwenye kiti cha marehemu, unachaji simu na kusikiliza miziki!"

Shemeji akafungua kinywa. Mlangoni, mama mkwe akakohoa. Shemeji akakifunga.

"Haya," alisema. "Ni mimi."

"Haya, ni mimi? Hata aibu huna? Kaburi halijakauka!"

"Shemeji, nimeshakubali. Unataka niimbe?"

"Nataka ufungashe."

Mjane alimsubiri mama mkwe aruke kumtetea, maana ulimi wa mama yule ulikuwa wa kumenyea viazi. Badala yake mama mkwe aliingia chumbani akafunga mlango. Leo hata mama yake kamwonea aibu, mjane akawaza, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alijisikia ameshinda kitu.

Fundi alisafisha plagi, akamimina petroli kidogo ya kujaribia. Injini ikatulia. Alipoondoka, shemeji naye alikuwa anatoka na begi lake. Alisimama kidogo getini kama mtu anayesubiri kuitwa. Hakuitwa.

Jumatatu mjane alitoka mapema kuwahi zamu, kama kawaida yake. Alipofika kituoni akapapasa mkoba: kitambulisho cha kazini hakimo. Akageuza njia huku akijilaani.

Kabla hajafika getini, akausikia. Muungurumo laini wa injini, ukitoka uani kwake.

Kumbe kijana yule hana haya kiasi hiki! Amefukuzwa juzi, leo amesubiri apewe kisogo, akarudi. Mjane akaokota mpini wa jembe uliokuwa umeegemezwa kando ya geti. Akanyata akiambaa na ukuta, maneno yote ya kumwambia yakiwa tayari mdomoni. Safari hii angepiga kelele mtaa mzima utoke.

Akachungulia.

Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Kioo cha mlango kilikuwa kimeshushwa, na nje yake alisimama mama mkwe, peke yake, na bakuli la chakula lililofungwa vizuri kwa kitambaa. Aliingiza mkono dirishani, akaliweka bakuli juu ya kiti.

"Endesha polepole, mwanangu," alikiambia kiti. "Na leo usichelewe kurudi."

Shemeji ameitwa, amesharudi nyumbani. Gari halijauzwa. Siku za Jumapili shemeji humfundisha mjane kuendesha, na mama mkwe hukaa kiti cha nyuma.