Kiraka

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Darasa zima kwa sauti moja. Nikamwita binti wa dawati la mbele aje ajumlishe sehemu ubaoni. Akautazama ubao kama anautazama ukuta wa jirani.

Nikaeleza upya. Chaki ilikuwa imebaki kipande kidogo kama jino la mtoto, kila nikiandika kucha zangu zinakwaruza ubao.

"Haya, sasa mmeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Asubuhi mwalimu mkuu aliniomba nilishikilie darasa hili mpaka apatikane mwalimu wa kudumu. Hata sijavuka mlango, nikasikia mtu ananong'ona, "Kiraka mwingine huyo." Nikayameza hayo.

Lakini sasa yalikuwa yamenifika shingoni.

"Kuna ambaye hajaelewa?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

"Mimi ni mbuzi?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Hakuna aliyecheka, maana hakuna aliyekuwa akisikiliza. Waliitikia tu, kama mtu anavyopiga mwayo. Nikakitupa kile kipande cha chaki mezani, nikachukua mkoba wangu.

"Kwa hiyo kesho nisirudi?"

Jibu nilikuwa nalijua. Nikalisubiri, mkoba begani.

Halikuja. Nilichosikia ni dawati moja likilia.

Yule binti wa mbele akanyoosha mkono. Hakuna aliyekuwa amenyoosha mkono tangu asubuhi.

"Mwalimu," akasema, "wale viraka wengine nao waliuliza hivyohivyo. Tukaitikia ndiyo."