Daftari la Ukoo wa Nondo

Hadithi hii huniudhi kila ninapoisimulia, lakini isikieni. Nondo wa mkorosho mmoja, wale wadudu wa usiku wafananao na vipepeo, walikuwa na daftari la ukoo. Karani wao alikuwa Mjusi, naye aliapa kutomla yeyote ambaye jina lake limo humo.

Siku moja Nondo Dume, aliyejivunia mabawa yake kuliko kitu chochote, alimkuta Bi Manyoya kwenye shina. Bi Manyoya alikuwa nondo jike asiye na mabawa. Alikuwa akijing'oa manyoya ya tumboni ili kuyafunika mayai yake.

"Kinyangarika gani huyu?" Dume alifoka. "Nondo ni mabawa! Karani, mfute!"

"Unifute mimi, mwanangu?" aliuliza Bi Manyoya.

"Usiniite mwanao! Karani, mfute, na kila aliyezaliwa na mama asiye na mabawa mfute pia!"

Madume wote wakashangilia. Loo, watu wazima wale, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza!

Mjusi aliandika amri hiyo, kisha akauliza, "Bwana, mama yako aliruka?"

Katika ukoo ule hakuna jike aliyewahi kuota mabawa.

"Na wewe, wako? Na wewe?" Mjusi akawauliza madume wengine.

Mjusi akafuta jina moja moja mpaka ukurasa ukabaki mweupe.

Mjusi hakumgusa Bi Manyoya, kwa sababu manyoya yake yanawasha ulimi. Kisha akawageukia madume, akafunga daftari, akafungua mdomo.