Somo la Minong'ono

Zamani, ndege walipokuwa wakioana bila kuulizana kabila, Kanga alimwoa Kuku wakapata binti, Kidoti. Kidoti alisema Kikuku tangu ganda lilipopasuka, lakini Kikanga cha baba yake hakukitaka. Kanga alimfundisha kila jioni, na kila jioni mwanafunzi alisinzia kabla somo halijafika katikati.

Ikaja habari kwamba mama yake Kanga anakuja kutoka porini kumwona mjukuu.

"Mama hajui hata neno moja la Kikuku," Kanga akalalama. "Atasema nimelea mgeni."

"Niachie mimi, Baba Kidoti," akasema Kuku, ambaye Kikanga alikijua tangu alipoolewa.

Masomo akayafuta. Badala yake, kila alipotaka kumsema mtu, hasa mama mkwe, alimnong'oneza mumewe kwa Kikanga, na Kidoti akisogea, mama ananyamaza. Mtoto akaanza kulala jicho moja wazi. Haukupita mwezi, hapakuwa na siri ya nyumba ile asiyoijua.

Bibi akafika, akamtazama mwanawe, akauliza kwa Kikanga, "Mbona umekonda hivi? Mkeo hakulishi?"

"Bibi," Kidoti akajibu kwa Kikanga safi, "mama alisema utauliza hivyo hata kabla hujakaa."

Kanga akainamia punje zake. Bibi akamtupia Kuku jicho, kisha akakunja bawa lake na kuacha nafasi pembeni.

"Mtoto anasema vizuri sana," akasema. "Njoo ukae hapa, mjukuu wangu. Mama alisema nini tena?"