Maji Yasiyo na Hewa

Rozina alipobonyeza kitufe, programu ya takwimu ilimchorea mkato wa Ziwa Tanganyika kwenye kompyuta, kuanzia juu hadi kilindini. Rangi nyekundu ilionyesha maji yenye hewa, bluu yasiyo nayo. Siku samaki walipokufa kwa wingi ufukweni Kasanga, bluu ilikuwa imepanda hadi juu kabisa. Upepo ulikuwa umeyapindua maji, ya chini yakaja juu. Hakuna aliyetia sumu.

Na nje ya ofisi ya utafiti, hapo hapo mtaani Kizwite, watu walikuwa wanampiga muuza dawa za mitishamba wakidai ndiye aliyelitia ziwa sumu.

Alitoka mbio. Mtu yule alikuwa amelala kifudifudi, sikio limechanika na kuning'inia, tairi shingoni. Aliyesimama juu yake na tofali mkononi alikuwa kaka yake Rozina, mchuuzi wa samaki.

"Kaka, si sumu! Tumepima, ni upepo!"

"Upepo gani unaua samaki? Toka hapo!"

Rozina akajilaza juu ya yule mtu. Damu ya moto ikamlowanisha kifuani. Tofali lilikuwa limeshaanza kushuka. Likamwangukia mkononi, na wote wakasikia mfupa ukivunjika.

Kaka aliutazama mkono wa dada yake uliopinda.

Mwanamume mmoja akasogea na dumu la petroli. "Mwondoeni huyo dada tumalize kazi."

Kaka akaliokota tofali, akamgeukia.

"Anza na mimi," alisema.