Ghorofa ya Ndayikunda

"Mimi mtu wa Mwanza, mama. Kasulu ndiyo kwanza nafika leo," alisema mgeni aliyekuja kuinunua nyumba.

Nikaguna tu. Nimepanga katika ghorofa hii tangu Ndayikunda mwenyewe yu hai, akiuza vitenge chini na kulala juu. Mwaka tisini na tatu aliuawa kitandani mwake. Muuaji hakujulikana.

Nilimtanguliza mgeni kwenye ujia wa kwenda chumba cha marehemu. Katikati aliinamisha kichwa kama anayekwepa kitu, kisha akanyoosha shingo na kuendelea.

Juu yake hapakuwa na kitu. Boriti iliyokuwa ikitugonga vichwa pale tuliing'oa baada ya matanga.

Akaingia chumbani. "Pazuri," alisema, akinipa mgongo.

Ufunguo ulikuwa mlangoni, upande wangu.