Masikio na Kompyuta Mpya

“Nisomee tena,” Masikio alisema.

“Nimekusomea mara nne, mume wangu. Haitabadilika kwa kusomwa. Inasema programu hii ni ya zamani mno, haifunguki kwenye kompyuta hii.”

Masikio aliegemea kiti, akavua miwani, akaifuta kwa shati kama afanyavyo akichoka. Siku ya tatu hiyo. Kompyuta ya zamani ya studio ilikata roho Jumanne, bosi akaleta mpya siku hiyohiyo, na tangu hapo mtu na mkewe wanahangaika kuhamisha programu moja kuukuu ya kurekodia muziki, ambayo nadhani hata walioitengeneza walishaisahau. Mke alikuwa karani wa kupiga chapa maisha yake yote, kwa hiyo mambo ya maandishi aliachiwa yeye. Mume alishughulika na sauti. Jina la Masikio hakujipa mwenyewe. Waimbaji ndio waliompa, maana hata akiwa nje ya jengo angejua nani kapoteza noti.

Bosi alikuwa kijana, studio kaachiwa na marehemu baba yake, na maneno yake yalikuwa mafupi. “Nakupa mpaka Ijumaa saa sita, mzee wangu. Programu yako ikigoma, tunahamia hii ya kisasa. Hakuna kukariri vitufe. Unagusa skrini tu, unaburuta. Ikikushinda wala usijali, utapumzika nyumbani.”

Kupumzika! Nyumbani kuna nini? Kiti na redio. Miaka ishirini na sita Masikio amekalia kiti kile cha studio, na alijijua: akiondolewa pale, mwaka haumalizi.

“Si umwambie tu ukweli?” mkewe alisema kwa sauti ya chini.

“Nimwambie nini, kwamba nimechoka? Hilo ndilo analolingoja. Fundi niliyempigia simu kasema kuna mahali pa kuiambia kompyuta ijifanye ya zamani. Hebu patafute.”

Akatafuta. Dada wa mapokezi alichungulia mlangoni kulalamika: skrini yake imekufa tangu jana, wateja anawaandika kwenye karatasi, na bosi kila akiulizwa anasema ataona. Akawatazama wale wawili walivyobanana mbele ya kompyuta, akacheka.

“Nyie nanyi! Kila siku mkono kwa mkono, mnaletana, mnafuatana. Uchumba wenu hauishi?”

“Ukiolewa utajua,” mke wa Masikio alimjibu bila kuinua uso.

Mara spika zikalia. Ti, to, tii. Sauti tatu, zilezile za kila asubuhi kwa miaka yote ile. Programu imefunguka.

Masikio alijishika mdomo. Halafu akaweka mikono kwenye kibodi na vidole vikaenda vyenyewe: kitufe hiki cha kurekodi, hiki cha kurudi nyuma, hiki cha kunyamazisha ngoma. Viliijua ile programu kama mtu anavyoijua njia ya chooni kwake. Kipanya kipya hakukigusa, kilikuwa bado kwenye mfuko wake wa plastiki.

“Ipo,” alisema. “Mama watoto, ipo yote!”

Mkewe alikuwa analia kwa uchovu.

Ijumaa mkewe alikuwa na shughuli zake. Alimfikisha mapokezi, akamkabidhi chupa yake ya chai, akaondoka. Dada wa mapokezi alikuwa anabofya kibodi yake kwa kasi huku akiimba, wala hakuwa na muda wa utani. Masikio alipiga hatua zake tisa hadi kwenye kiti, akawasha kompyuta, akasubiri zile sauti tatu, akaingia kazini.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa kwaya, waimbaji kumi na wawili, na mmoja wa sauti ya pili alikuwa anachelewachelewa kama mtu aliyelazimishwa kuja. Alimrudisha, akamsogeza, akamsikiliza, akamsogeza tena kidogo. Akapunguza kinanda. Alifanya kazi asubuhi nzima bila kuinuka, mgongo unamuuma, lakini roho yake imetulia kwa mara ya kwanza wiki ile.

Saa sita kasoro robo alisikia viatu vya bosi.

“Njoo, bosi, njoo!” Alibonyeza kitufe kirefu, wimbo ukajaa chumbani. Ulitoka mtamu, mpaka akaona haya kuusifu. “Haya sema sasa. Hiyo ya kuburuta ni ya nini?”

Viatu vilisogea hadi mezani, vikasimama.

Masikio alifuta miwani, akaivaa, akanyoosha kidole mbele yake. “Tazama mwenyewe. Mistari yote minane ipo, na rangi zake. Ile nyekundu pale ndiyo sauti ya pili, umeona ilivyonyooka? Mzee kama mimi naiona, sembuse wewe kijana.”

Wimbo ukaisha. Kisha Masikio akahisi mkono wake uliokuwa bado umenyooshwa ukishikwa, ukashushwa taratibu mpaka mezani.

“Mzee wangu,” bosi alisema, “hapo hapana skrini. Niliipeleka mapokezi kabla hujafika.”