Chupa Arobaini za Kioo

Bi Somoe, mwenyekiti wa kikundi chetu cha mafuta ya ufuta pale Chuno, aliinua chupa ya kioo akaigeuza kwenye mwanga.

“Basi plastiki tumeiaga! Kumbe kimya cha binti huyu kina akili.”

Akina mama wakacheka, wakanitazama kwa mara ya kwanza tangu nijiunge. Chupa zote arobaini nilizileta na kuzichemsha mwenyewe.

“Umezipata wapi, mwanangu? Wateja wetu watu wa swala, wataniuliza.”

“Mjini,” nikajibu.

Akachomeka faneli, akainamisha dumu. Kidole chake kiligusa gundi ya lebo niliyoshindwa kuikwangua.

Mafuta yalipoanza kushuka, niliziba faneli kwa kiganja. Yakanitiririka hadi kwenye kiwiko.

“Baa, mama. Nilizitoa baa.”